Kuzikubali Kasoro za Tabia Ukubwani: Nini Hasa Kinachokubaliwa?

Miezi michache baada ya kustaafu ualimu niliingia katika duka moja la kanga huku Ngamiani, Tanga, na mwenye duka akaniamkia kabla sijafungua mdomo. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikamtazama, nikamkumbuka: alikuwa mwanafunzi wangu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tulikumbushana habari za shule huku akinikunjulia doti moja baada ya nyingine, na katikati ya mazungumzo hayo akasema kwa upole, macho yake yakiwa kwenye pindo la kanga aliyokuwa akiikunja upya, "Mwalimu, ulikuwa unajua kufundisha na tulikupenda. Ila hukuwa ukitusubiri. Mtu akianza kujibu, wewe unammalizia." Hakusema kwa kinyongo, na baada ya hapo akaendelea na habari za bei. Nililipa, nikatoka, nikasimama kwenye kivuli cha kibaraza cha jirani. Maneno yale nilikwisha kuyasikia kwa marehemu mume wangu, kwa dada yangu na kwa mama yangu mzazi, na kila mara nilikuwa na jawabu la kujitetea: muda ulikuwa mfupi, silabasi ilikuwa ndefu, mtu mwenyewe alikuwa anazunguka. Safari hii, nikiwa nimetimiza miaka 60, nilitafuta jawabu na sikulipata.

Kukosa jawabu huko ndiko kunakonifanya niandike. Watu wengi wa rika langu husema kwamba wamefika umri wa kujikubali, na husema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeutua mzigo. Lakini ukiwauliza wamekubali nini, utagundua kwamba hawazungumzii jambo moja. Mmoja ana maana kwamba ameacha kujilaumu kila usiku kwa makosa ya zamani. Wa pili ana maana kwamba ameacha kujirekebisha. Wa tatu ana maana kwamba ameacha kusikiliza anapolaumiwa na wengine. Mambo hayo matatu yote huvishwa kauli moja, "ndivyo nilivyo," na kauli hiyo ikishatamkwa na mtu mzima mbele ya wadogo zake, ni nadra mtu kuuliza zaidi. Naona tuulize.

Lugha yetu yenyewe inatupa pa kuanzia. Tunaposema saa tatu kasoro robo, hatusemi kwamba saa imeharibika. Tunasema kuna kiasi kilichopungua ili itimie tatu kamili. Kasoro ya tabia nayo ni upungufu wa namna hiyo: subira haikufika kipimo, au ujasiri, au ukarimu, au uwezo wa kutunza siri. Aibu ni kitu kingine, kwa maana aibu huhusu macho ya watu, na mtu anaweza kuona aibu kwa jambo ambalo si kasoro hata kidogo. Uovu nao ni kitu kingine kabisa. Mtu anayempiga mkewe, anayekula mali ya yatima au anayewatesa wafanyakazi wa nyumbani hana kasoro ya kukubaliwa. Ana dhuluma ya kuacha, na makala hii haimhusu. Ninaona umuhimu wa kulisema hili mapema kwa sababu nimewasikia watu wakiiita dhuluma "hasira zake tu," na kwa jina hilo dogo jambo kubwa likapita mlangoni.

Upande wa vitenzi pia kuna hazina. Kukiri ni kusema kwamba jambo lipo. Kuridhika ni kusema kwamba jambo libaki kama lilivyo, linatosha. Kuzoea ni kufikia hali ya kutoliona tena, kama mtu asiyesikia harufu ya nyumba yake mwenyewe. Kukubali hakulingani na lolote kati ya hayo. Kwa maoni yangu, kukubali kasoro kunafanana zaidi na kukubali deni: mtu anakubali kwamba deni ni lake, anakijua kiasi chake, anawajua wanaomdai, na kwa kukubali huko anakuwa amejifunga kulilipa. Anayelikana deni halilipi, na anayesema "mimi ni mtu wa madeni, ndivyo nilivyo" naye halilipi. Wawili hao wanaonekana wamesimama pande mbili zinazopingana, ilhali kwa mwenye kuwadai hakuna tofauti yoyote kati yao.

Kabla ya kwenda mbali inatupasa kuuliza iwapo tabia hubadilika kweli, kwa kuwa isipobadilika, mazungumzo yote haya ni ya bure. Wahenga walisema tabia ni ngozi, wakimaanisha kwamba mtu haivui. Huko Marekani mwaka 1890, mwanasaikolojia William James naye aliandika kwamba kwa wengi wetu tabia huwa imekauka kama lipu ukutani tufikapo miaka 30, na kwamba hailainiki tena. Fikra hiyo ilitawala kwa muda mrefu. Hata hivyo, watafiti walipoanza kuwafuatilia watu walewale kwa miaka mingi badala ya kuwalinganisha vijana na wazee kwa siku moja, picha nyingine ilijitokeza. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa namna hiyo, wakaona kwamba kwa wastani watu huongezeka uwajibikaji na utulivu wa moyo, hasa kati ya miaka 20 na 40, na kwamba wema na maelewano na wengine huongezeka baadaye zaidi. Kwa wengi, uzee huleta pia kupungua kwa hamu ya mambo mapya. Kwa hiyo lipu ya James haikauki kwa kiasi alichodhani.

Hata hivyo lipo jambo la pili ambalo ni lazima liende pamoja na la kwanza, maana ndilo linalowachanganya watu. Wafikirie watoto wa darasa moja wanaokua kimo. Miaka ikipita wote hurefuka, lakini aliyekuwa mfupi kuliko wenzake, aghalabu, bado atakuwa mfupi kuliko wenzake siku wakikutana ukubwani. Tabia nayo huenda hivyo. Mwenye hasira za karibu akifika miaka 60 huenda akawa mpole kuliko alivyokuwa na miaka 25, lakini kati ya watu wa rika lake bado huenda ndiye anayewaka haraka. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kusema kwa ukweli kabisa, "nimebadilika sana," na ndugu zake wakasema kwa ukweli uleule, "hujabadilika." Yeye anajilinganisha na jana yake, wao wanamlinganisha na watu wengine. Ugomvi mwingi wa nyumbani kuhusu tabia ungetulia kama pande mbili zingejua kwamba kila moja inatumia kipimo chake.

Kuna na suala la kurithi. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha mara nyingi kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia kati ya mtu na mtu zinahusiana na damu waliyozaliwa nayo. Hilo halina maana kwamba nusu ya hasira ya mtu imetoka kwa babu yake na nusu kwake mwenyewe. Ni hesabu ya tofauti zilizomo katika kundi la watu, wala haimwambii mtu mmoja yeye ana kiasi gani. Lakini linatosha kutuonyesha kwamba hatukuanza safari sote mahali pamoja, na kwamba mwenye subira ya kuzaliwa nayo asijisifu mno kwa kile ambacho mwenzake anakitafuta kwa jasho.

Sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Alikuwa akiwajibu watu waliodai kwamba tabia haibadiliki, akawaambia kwamba kama ingekuwa hivyo, mawaidha yote na malezi yote yangekuwa kazi bure, na hali hata mnyama wa porini hufugika. Kisha akatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mtofaa. Lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikipandwa na kutunzwa huweza kuwa mtende, ilhali kwa matunzo yoyote yawayo haiwezi kuwa mtofaa. Hasira na matamanio, akasema, ni hivyohivyo: tukitaka kuving'oa kabisa visibaki hatutaweza, lakini tukitaka kuviongoza na kuvifanya vitii, hilo linawezekana kwa mazoezi na juhudi. Alitambua pia kwamba watu hawako sawa katika hilo; wapo wanaobadilika upesi na wapo wanaochelewa.

Nimekaa na mfano huu kwa muda mrefu. Makosa yangu ya ujana, nikiyatazama sasa, yalitokana na kutaka kuwa mtofaa. Kila mwanzo wa mwaka wa shule niliazimia kwamba safari hii nitakuwa mwalimu mpole wa kusubiri, kama mwenzangu mmoja ambaye angeweza kumsikiliza mtoto mwenye kigugumizi mpaka kengele ilie bila uso wake kubadilika. Azimio lilidumu wiki mbili, likavunjika, nami nikajichukia kwa muda, kisha nikatafuta sababu za kujitetea, kisha nikasahau mpaka Januari nyingine. Sikuwahi kujiuliza swali dogo zaidi: kwa kuwa mimi si mtu wa subira, nifanye nini ili wanafunzi wasiumie kwa hilo? Ningeweza, kwa mfano, kuwataka waandike majibu kwanza, kisha wayasome. Kwa njia hiyo papara yangu isingekuwa na pa kuingilia. Jambo jepesi kama hilo halikunijia kwa miaka zaidi ya 30, kwa sababu mtu asiyekubali kwamba ana kasoro hawezi kuiwekea mpango.

Sasa, kwa nini umri ndio umlete mtu hapa? Sioni kwamba uzee wenyewe hutoa hekima; sote tunawajua wazee walioongezeka mvi bila kuongezeka busara. Yapo lakini mambo kadhaa yanayokuja na miaka ambayo hulegeza ukaidi. La kwanza ni ushahidi kuwa mwingi. Kijana anapoambiwa ana ubishi, anaweza kudhani aliyemwambia ana wivu. Mtu wa miaka 60 ameambiwa jambo hilohilo na watu ambao hawajuani, katika miji tofauti, kwa miongo minne. La pili ni watoto. Hakuna kioo kibaya kama kumsikia binti yako akimkatiza mwanawe kwa sauti yako mwenyewe. La tatu ni hili la muda. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha katika utafiti wa miaka mingi kwamba watu wanapoona muda uliobaki ni mfupi hubadili vipaumbele: hupunguza kutafuta sifa na marafiki wapya, wakawekeza kwa watu wachache walio karibu na moyo. Nadhani hapo ndipo kinga yetu inapoanguka. Nikiwa na miaka 35, kukiri mbele ya walimu wenzangu kwamba nina papara kungenigharimu cheo cha heshima nilichokuwa nakijenga. Leo sina cheo cha kulinda, na ninachokihofia ni kuwapoteza watu watano au sita niliobaki nao.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyegawanya maisha ya binadamu katika hatua nane, aliiweka katika hatua ya mwisho kazi ngumu kuliko zote: kuyatazama maisha uliyoishi na kuyapokea kuwa ndiyo yako, pamoja na makosa yake, au kushindwa kufanya hivyo na kuangukia katika majuto yasiyo na njia, wakati muda wa kuanza upya haupo. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alieleza kwamba ule mwenendo wa wazee kurudiarudia habari za zamani, ambao wengi waliuona kuwa dalili ya kuchakaa akili, kwa kweli ni kazi ya kuyapitia maisha na kuyapanga. Tangu niliposoma hayo nimewatazama wazee wa mtaani kwa jicho jingine. Mzee anayesimulia kwa mara ya 40 namna alivyogombana na kaka yake kuhusu shamba huenda bado anatafuta mahali pa kuliweka kosa lake.

Lakini mtu atazijuaje kasoro zake? Nyani haoni kundule, na utafiti unawaunga mkono wahenga kwa namna ya kuvutia. Mwanasaikolojia Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba mtu hujijua zaidi kuliko rafiki zake wanavyomjua katika mambo ya ndani, kama vile wasiwasi. Lakini katika mambo yanayogusa sifa na majivuno yake, kama akili na ubunifu, rafiki huona vizuri zaidi. Kasoro nyingi zinaangukia upande huo wa pili. Ghazali alitaja njia nne za kuzijua: kukaa mbele ya mwalimu mwenye kuona kasoro za nafsi, kumpata rafiki mkweli, kusikiliza ndimi za maadui, maana jicho la chuki halifichi kitu, na kuchanganyika na watu, ili kila baya unalolichukia kwa mwenzako ujiulize kama halimo ndani yako. Inapokewa kwamba Umar bin Khattab alikuwa akisema, "Mwenyezi Mungu amrehemu mtu anayenizawadia kasoro zangu." Neno "kuzawadia" hapo linanigusa. Injili nayo, katika Mathayo 7, inamtaka mtu aitoe kwanza boriti iliyo katika jicho lake ndipo aone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yake.

Ugumu kwetu ni kwamba adabu zetu hazimruhusu mdogo kumpa mkubwa zawadi hiyo. Mtu akishaitwa mama mkubwa, babu, mwalimu au sheikh, anaamkiwa, anapishwa kiti, na hakuna anayemwambia kwamba ana ulimi mkali. Heshima hiyo ni nzuri, nami nisingependa kuiona ikipotea. Lakini ina gharama yake: wakati ambapo mtu yuko tayari zaidi kusikia ndio wakati ambapo wanaomwambia wameisha. Wazazi wamekufa, wakubwa wa kazi hawapo, na rika lake lina kasoro zilezile.

Wazee wetu waliacha mlango mmoja wazi, nao ni utani. Mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana. Anaweza kumwambia bibi yake mbele ya watu kile ambacho binti wa bibi huyo angekisema chumbani kwa woga, na watu wakacheka, na bibi akacheka, na neno likabaki limesemwa. Hali ni hiyohiyo kwa mashemeji na kwa watani wa kabila na kabila, ambao hata msibani huruhusiwa kumsema marehemu alivyokuwa bahili. Nimewahi kudhani kwamba utani ni burudani tu. Sasa naona ni chombo cha kazi. Mjukuu wangu wa miaka sita, nikimkatiza, huniwekea kiganja mdomoni na kusema, "Bibi, sijamaliza!" Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kunifanyia hivyo, na namshukuru Mungu kwa kile kiganja.

Tufike sasa kwenye fundo lenyewe. Watu wengi wanahofia kwamba mtu akijikubali atalala. Kwamba ni uchungu wa kujichukia ndio unaomsukuma mtu kujirekebisha. Hofu hiyo ina mantiki, na mimi niliiamini nikiwa darasani, nikiwaaibisha wanafunzi ili wajitahidi. Lakini tukiangalia kwa karibu namna aibu inavyofanya kazi, tunaona kinyume. Mwanasaikolojia June Tangney ametumia miaka mingi kutenganisha fedheha na majuto. Fedheha humwambia mtu "mimi ni mbaya," nayo humfanya ajifiche, akane, amtupie mwingine lawama au awake hasira. Majuto humwambia "nimefanya vibaya," nayo humpeleka kwa aliyemkosea. Mwenye fedheha anashughulika na sura yake. Mwenye majuto anashughulika na mtu aliyeumia. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen walichapisha majaribio kadhaa, na katika mojawapo waliwapa wanafunzi mtihani mgumu ambao wengi walifanya vibaya. Wale walioongozwa kuutazama udhaifu wao kwa huruma, kama jambo linalompata kila mtu, walitumia muda mrefu zaidi kujisomea kabla ya mtihani wa pili kuliko wale waliosifiwa kwamba wana akili, na kuliko wale ambao hawakuambiwa chochote. Huruma haikuwalaza. Iliwaondolea haja ya kukimbia, wakabaki mezani na kitabu.

Ndiyo sababu nasema kwamba jawabu langu lililokosekana kule dukani lilikuwa mwanzo wa jambo. Miaka yote ile, kila nilipojitetea, nguvu zote ziliishia kwenye utetezi, na kasoro yenyewe ikabaki bila kuguswa.

Je, tutajuaje kwamba mtu amekubali kweli, na si kwamba ameridhika au amezoea? Mimi natumia swali moja: gharama ya kasoro hiyo inalipwa na nani? Baba mwenye hasira anayesema "mnajua nilivyo, msinichokoze" ameikabidhi familia nzima kazi ya kubeba hasira zake. Mke anapima maneno, watoto wanatembea kwa ncha za vidole, naye anaita hali hiyo kujikubali. Baba mwingine mwenye hasira ileile, akihisi damu inapanda, huinuka, huenda kutawadha, kama ilivyofundishwa katika hadithi ya Mtume, hurudi baada ya robo saa na kuendelea na mazungumzo. Ukiwapima hasira, huenda wakawa sawa. Lakini wa pili amehamisha gharama kutoka kwa wengine na kuiweka kwake mwenyewe. Mchelewaji aliyekubali kasoro yake huanza kujiandaa saa moja kabla ya wenzake. Msahaulifu aliyekubali huandika. Asiyeweza kutunza siri huwaambia watu mapema, "usinieleze," na hilo linahitaji unyenyekevu ambao wengi wetu hatuna, kwa sababu ni kujinyima raha ya kuaminiwa.

Katika maisha ya umma mfano ninaoukumbuka ni wa Mwalimu Nyerere. Serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na wakulima ndio waliobeba gharama. Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kuvirudisha vyote viwili. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 62 na akikaribia kung'atuka, alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingeyafanya mambo hayo mawili, na akazitaja sababu: papara na kutojua. Watu wanaweza kubishana kuhusu mengi ya utawala wake, na ni haki yao. Mimi ninachokiangalia ni mpangilio. Marekebisho yalitangulia, maelezo yakafuata, na maelezo yenyewe yalikuwa mafupi, yakiwa na jina halisi la kasoro ndani yake. Papara. Ni kasoro yangu pia, na sijawahi kuisikia ikitajwa na mtu mkubwa kwa uwazi namna hiyo.

Yapo mambo mawili ambayo yasichanganywe na haya. La kwanza, si kila tunachoambiwa kuwa ni kasoro ni kasoro kweli. Dada yangu alikuwa mtoto mkimya, akalelewa akiambiwa kwamba anaringa, kwamba hana uchangamfu, kwamba ataolewa na nani. Alijilazimisha kusema kwa miaka mingi, na leo, akiwa na miaka 66, amerudi kwenye ukimya wake na kila mwenye shida mtaani kwao anakwenda kuketi naye. Kwake yeye kujikubali kulikuwa kufuta deni ambalo hakuwa akidaiwa. Swali la gharama linasaidia hapa pia: ukimya wake haukumgharimu mtu yeyote chochote.

La pili ni la afya. Tabia hubadilika na umri polepole. Mzee aliyekuwa mpole akawa mkali ndani ya miezi michache, aliyekuwa na staha akaanza kutamka maneno ya aibu, au aliyekuwa mwangalifu wa fedha akaanza kuzigawa ovyo, asiambiwe kwamba uzee ndio umemfichua alivyo. Inaweza kuwa ni sonona, ugonjwa wa tezi ya shingoni, au ugonjwa wa ubongo unaogusa sehemu ya mbele inayotawala staha na subira. Huyo apelekwe hospitali, na wanaomwuguza wasimhesabie maneno yake.

Mama yangu sasa ana miaka 85, na anacho kisa kimoja anachokipenda kuliko vingine. Baba yake alipanda gari moshi alfajiri hapa Tanga, akaenda Muheza kuomba kazi katika shamba la mkonge, na alipofika karani akamwambia nafasi zimejaa. Nimekisikia kisa hicho tangu utotoni, na kila akifika kwa karani mimi humalizia, "zimejaa," naye husema "ehe," akanyamaza, nasi tukaendelea na mambo mengine. Siku hizi ninapokwenda kumtembelea huomba ungo wa mchele. Nimegundua kwamba mikono yangu ikiwa inachagua chuya, mdomo unaweza kungoja. Wiki mbili zilizopita alianza kisa chake, gari moshi likaenda, karani akatokea, nami nikainamia ungo. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mama akasema, "Sasa nauli ya kurudi hakuwa nayo." Akaeleza jinsi baba yake alivyofuata reli kwa miguu, jinsi usiku ulivyomkuta Pongwe, na jinsi alivyopiga hodi kwenye nyumba ya kwanza aliyoona ina mwanga.

"Akafunguliwa na msichana ameshika kibatari," akasema mama. "Ndiye mama yangu."